Roboti ya Chelimo Haina Meno

Kila asubuhi saa moja kasorobo nafungua maabara ya shule, nafungua madirisha mawili yanayotazama mashamba ya chai, natia maji kwenye birika, na kabla hayajachemka nafuta ubao na kuandika tarehe. Ni kazi ya dakika tano. Naipenda kwa sababu hakuna mtu wa kuniangalia nikiifanya. Jumatatu hiyo nilikuwa na gunia begani, na ndani yake mipira hamsini ya sponji, kila mmoja saizi ya chungwa. Nilikuwa nimeibeba Ijumaa jioni kwenda nayo nyumbani kwangu Kimulot ili niifue, maana ilikuwa imejaa vumbi la sakafu. Nikaweka gunia chini, nikachukua kifutio, nikainua mkono.

Mkono ukabaki juu.

Namba zilikuwa zimebadilika. Ijumaa niliziandika mwenyewe kwenye kona ya ubao, nikazizungushia mstari na kuandika USIFUTE. Niliandika: Meno 28, Magurudumu 36, Ulimi 46. Sasa mstari wangu ulikuwa bado pale, na neno langu USIFUTE lilikuwa bado pale, lakini ndani ya mstari kulikuwa na mwandiko mwingine, mkubwa, unaolalia kushoto: Meno 46, Magurudumu 36, Ulimi 28.

Nilisimama nikiutazama. Kilichoniumiza kwanza, nitakiri, ni uvivu wa aliyeziandika. Hakujisumbua hata kutunga namba mpya. Alizibadilisha viti tu, kama watoto wawili darasani.

Niwaeleze tulichokuwa tunapima. Mimi ni fundi wa maabara katika shule hii ya wasichana. Nina diploma ya uhandisi wa mitambo, na wanafunzi wananiita Madam Mwihaki. Shule ina klabu ya roboti. Katika shindano la kaunti, roboti inawekwa kwenye uwanja wa mbao wa mita tatu kwa mita tatu, mipira hamsini inamwagwa humo, na kwa dakika mbili roboti inatakiwa kuizoa na kuitia kwenye kisanduku. Kila kitu kinategemea ile sehemu ya mbele, rola inayozunguka na kuingiza mipira ndani. Wasichana wanaiita mdomo. Sisi tulikuwa na mwili mmoja wa roboti na midomo mitatu ya kubadilishana, unafungua skrubu nne, unatoa huu, unaweka ule. Mdomo utakaoshinda majaribio ndio ungeenda Kericho, na aliyeutengeneza ndiye angeendesha roboti. Hiyo ilikuwa sheria ya klabu, na aliyeitunga ni mlezi wa klabu mwenyewe, Mwalimu Zacheus Wachira wa fizikia.

Mdomo wa kwanza, Meno, ulikuwa wake. Baba yake alikuwa fundi wa rola katika kiwanda cha chai kwa miaka ishirini na sita, na kila mtoto wa huku amepelekwa kiwandani angalau mara moja akiwa shule ya msingi, akaonyeshwa ile mashine ya kusagia majani. Ni rola mbili za chuma zenye meno. Moja inazunguka polepole, nyingine kwa kasi mara kumi. Ile ya polepole inashika jani, ile ya kasi inalirarua, na ndiyo sababu chai yetu inatoka ikiwa vichembe. Ukimwambia mtu wa huku achore rola, atakuchorea hiyo. Mtu wa mahali pasipo na chai asingewaza hivyo kamwe. Mwalimu Zacheus alichongesha rola mbili za mti wa mkaratusi, akazipigilia meno ya bati, na kwa heshima ya baba yake akaweka hata ile tofauti ya kasi. Nilitaka kumwambia kwamba rola zikitofautiana kasi hazibebi kitu, zinakirarua, na kwamba mipira yetu si majani. Niliandaa sentensi hiyo kwa wiki mbili. Sikuitoa.

Mdomo wa pili ulikuja na vifaa vya msaada, magurudumu manne ya plastiki kwenye chuma kimoja. Ulifanya kazi vizuri katikati ya uwanja, lakini mpira ukikaa kwenye kona uliusukuma tu ukutani.

Wa tatu ulikuwa wa Chelimo.

Chelimo yuko kidato cha tatu, anatoka upande wa msituni, na si mtu wa maneno mengi. Siku ya kwanza alikuja mezani kwangu na paipu ya maji na tyubu kuukuu ya baiskeli, akasema, "Madam, ng'ombe hana meno ya juu huku mbele."

"Ndiyo," nikasema.

"Na anamaliza majani ya nepia shamba mzima. Anatumia ulimi. Anazungusha, anavuta."

Kwa majuma sita alitengeneza ulimi. Alijaribu kwanza vipande vya buti la mvua, vikawa vigumu, vikaipiga mipira teke. Akajaribu gunia, likawa laini mno, likajiviringisha kwenye paipu. Tyubu ikakubali. Alikata mikanda kumi na miwili, akaifunga kuzunguka paipu, akagundua kwamba ikiwa mifupi kuliko kiganja haifikii mpira, na ikiwa mirefu zaidi inajifunga yenyewe. Mota ilipozunguka kwa nguvu zote mikanda iliifukuza mipira kama mtu anayefukuza inzi. Akabadilisha gia, akapunguza kasi hadi nusu. Mwisho akafanya jambo ambalo mimi chuoni nilifundishwa kwa michoro na yeye aliliona kwa macho tu: hakuikaza paipu. Aliining'iniza kwa pete za tyubu pande zote mbili, ili ikikutana na mpira ipande juu yake kidogo, iukumbatie, iuvute. Yote aliandika kwenye daftari lake, na tarehe.

Ijumaa tulipima. Kila mdomo mara tatu, dakika mbili mbili, mimi nimeshika saa. Meno ulipoanza, sponji ya manjano ilianza kuruka hewani.

"Wueh! Mwalimu, hiyo si roboti, ni posho mill ya mahindi!" akapiga kelele Nyambeki, ambaye ndiye mdomo wa klabu kwa maana nyingine.

"Nyambeki, heshima," Mwalimu Zacheus alisema akicheka, lakini hakumtazama.

"Heshima iko, mwalimu. Ni mipira ndio haina usalama."

Mipira mitano ilikufa siku hiyo. Nililazimika kumaliza pakiti ya akiba. Kisha Ulimi ukawekwa, na maabara ikanyamaza, kwa sababu wenyewe ulikuwa hauna kelele. Ulikwenda ukilamba. Kwenye kona ulilamba pia. Chelimo alihesabu kwa sauti, mara ya kwanza arobaini na nne, ya pili arobaini na saba, ya tatu arobaini na saba tena. Alipofika arobaini na saba mara ya pili sauti yake ilikatika, akafunika uso kwa mikono yenye harufu ya tyubu. Wastani, arobaini na sita. Niliandika ubaoni. Nikaandika USIFUTE.

Jumatatu, basi, maji yangu yalichemka hadi yakakaribia kuisha, na Mwalimu Zacheus akaingia.

"Maitu, umeamkaje?" Huniita hivyo, mama, kwa Kikikuyu, tukiwa wawili. Ni jina la upendo. Nimegundua pia kwamba hulitumia akitaka kitu.

"Salama, mwalimu."

"Umeona tulirudia Saturday? Nilikuja na wasichana wawili wa form two. Nilirekebisha Meno kidogo tu, ile angle. Imekuwa moto wa kuotea mbali!"

Nilitazama gunia miguuni pangu. Mipira yote ilikuwa humo. Jumamosi nzima ilikuwa imeanikwa kwenye kamba yangu Kimulot ndani ya wavu wa vitunguu, na jirani yangu aliniuliza kama nimeanza kufuga kuku wa aina mpya. Ulirudia na mipira gani? Niliisema sentensi hiyo yote, kichwani. Mdomo wangu ukasema, "Ooh."

"Sasa, wewe ndio uko na mwandiko mzuri." Akaweka mezani daftari la uhandisi, lile ambalo majaji husoma kabla ya kuona roboti. "Nisaidie uandike hizo results. Wednesday principal anakuja na mgeni wa kiwanda. Wamesema wakiona rola za chai kwa roboti, basi lao litatupeleka Kericho, na picha yetu itawekwa pale kwa geti yao. Unaona hiyo story? Watoto wa chai, roboti ya chai."

"Na Chelimo?"

"Chelimo ni mdogo, ako na mwaka mwingine." Akashusha sauti. "Maitu, hapa shuleni sisi wa kwetu ni wawili tu. Tukianikana, nani atatufunika?"

Nililelewa Roret, nyuma ya duka la misumari na mbegu. Babu yangu ndiye aliyekuja huku kutoka Ukikuyuni, na baba alizaliwa huku, na bado mama alitufundisha kwamba mwenye duka hagombani na mteja, na mgeni habishani kwa sauti hata akiwa amekaa miaka hamsini. Nilijifunza vizuri. Nilikuwa mwanafunzi bora wa somo hilo. Mwalimu Zacheus alijua hivyo, kwa sababu alilelewa vilevile. Lakini yeye alichukua kile kitu ambacho kwa mama yangu kilikuwa woga wa mtu mwema, akakigeuza kuwa kamba ya kunifungia.

Niliandika. Nataka jambo hilo lijulikane. Niliandika Meno 46, Ulimi 28, kwa wino mweusi, herufi zote zikiwa zimesimama wima, na chini ya jedwali nikapiga mstari kwa rula. Sijawahi kuuchukia mwandiko wangu kama siku hiyo.

Saa nne, wakati wa breki, Chelimo aliingia na mkate nusu mkononi. Alisimama mbele ya ubao muda mrefu. Nilikuwa nikipanga chupa ambazo zilikuwa zimepangwa tayari. Nilitarajia alie, au apige kelele, na ningefurahi kama angepiga kelele, maana ningekuwa na mtu wa kusimama nyuma yake.

"Madam," akasema, "nilikosea wapi?"

"Vipi?"

"Kuhesabu. Nilikuwa nahesabu na zile zilianguka nje? Ama nilirudia zingine?" Akakunja kipaji. "Nilikuwa na furaha sana. Labda ndio nikachanganyikiwa."

Alikuwa amezisoma namba za mwalimu na kuziamini. Macho yake mwenyewe yaliona mipira arobaini na saba, masikio yake yalisikia sauti yake ikihesabu, wasichana kumi na moja walikuwa pale, na bado mtu mzima alipoandika kitu kingine kwa chaki, alichokitilia shaka ni macho yake. Nilikuwa na nafasi nzima mbele yangu, pana kama mlango.

"Sijui," nikasema. "Labda... tutaangalia."

"Sawa, Madam. Kongoi." Akanishukuru. Alinishukuru!

Sikulala vizuri. Lakini kutolala ni kitu rahisi, hakimsaidii mtu.

Jumanne wakati wa chakula cha mchana nilimkuta amekaa sakafuni chini ya dirisha, Ulimi mapajani, mkasi mkononi. Kuzunguka miguu yake kulikuwa na vipande vyeusi vya tyubu, vidogo vidogo.

"Chelimo, unafanya nini?"

"Nimeona shida, Madam. Ilikuwa ndefu sana." Alikuwa mchangamfu, kama mgonjwa aliyepewa jina la ugonjwa wake. "Nimepunguza ikuwe ya kidole. Ikifika twenty-eight na hii urefu, basi nikipunguza itaongeza. Si ndiyo?"

"Lakini uliandika kwenye daftari lako kwamba ikiwa mifupi kuliko kiganja haifikii mpira."

"Hiyo nilikosea pia." Akakata mkanda mwingine. "Nimefuta hiyo page."

Kuna hasira ambayo huja kama moto wa majani makavu, inapita. Hii haikuwa hiyo. Hii ilipanda polepole, kutoka miguuni, nikitazama msichana wa miaka kumi na saba akiharibu kitu kizuri kwa uangalifu mkubwa, kwa kufuata hesabu, kwa nidhamu ileile tuliyomfundisha. Tulimwambia apime, arekebishe, apime tena. Alitutii. Tulimpa kipimo cha uongo na yeye akakitii hicho. Mwalimu Zacheus hakumnyang'anya safari ya Kericho tu. Alikuwa anamnyang'anya akili yake, na mimi ndiye niliyeshika taa.

Nilikwenda chumba cha walimu. Nilikwenda kwa haraka ili nisipate muda wa kufikiri. Alikuwa anakula githeri pamoja na walimu wengine wanne.

"Mwalimu, naweza kukuona?"

"Si unaniona? Keti, kuna chakula."

"Ni kuhusu... zile namba." Sauti yangu ilikuwa ndogo hivi kwamba mwalimu wa kilimo aliacha kutafuna ili asikie. "Mipira ilikuwa kwangu, mwalimu. Jumamosi. Niliifua."

Kijiko chake kilisimama. Kwa sekunde moja niliona mtu aliyeshikwa, na nikamwonea huruma, na nikajichukia kwa huruma hiyo. Kisha akatabasamu.

"Tulitumia soksi."

"Soksi?"

"Soksi za games, zimekunjwa. Sponji, soksi, tofauti gani? Roboti inajua?" Wakacheka, wote watano. "Madam Mwihaki ni mtu wa kufua, jameni! Hata mipira! Nani ataoa huyu kabla mimi niandike barua kwa wazee wangu?"

Wakacheka zaidi. Nilicheka nao. Midomo yangu ilicheka yenyewe, kama mlango usio na komeo.

Alinifuata nje, akanikuta karibu na tangi la maji. Hakuwa anacheka tena.

"Sikiza, maitu. Unataka twende Kericho tukibeba tyubu za baiskeli kwa paipu ya choo? Shule za mjini zinakuja na vitu vimeprintiwa, vinang'aa. Watatuita nini? Mimi nimekuwa nikichekwa mbele ya watu, najua vile inakuwa."

"Ulimi unazoa zaidi," nikasema.

"Hakuna mtu anaangalia nani anazoa zaidi. Wanaangalia nani amekuja na nini." Akanigusa bega. "Usiniangushe kesho."

Nilirudi maabara. Chelimo alikuwa amemaliza kukata, na amefagia.

Jumatano saa nane wageni walifika. Mwalimu Mkuu, Madam Priscillah, alikuja amevaa suti ya bluu ya siku za wazazi, na pamoja naye Mzee Kipngeno, msimamizi wa mitambo kutoka kiwandani, mwanamume mrefu mwenye koti la kijivu la kazi na kalamu tatu mfukoni. Wasichana walisimama ukutani wamenyooka. Mwalimu Zacheus alizungumza kwa dakika kumi kuhusu urithi wa chai, kuhusu baba yake, kuhusu sayansi inayoota kwenye udongo wa nyumbani. Aliongea vizuri. Kama singejua, ningepiga makofi kwa moyo.

Kisha akawasha roboti. Hakumwaga mipira hamsini. Aliweka kumi, kwa mstari mmoja, katikati ya uwanja, kila mmoja kwa mkono wake, kama mtu anayepanga mayai. Meno ulikwenda polepole, ukazoa minane. Watu wakapiga makofi. Vichembe vya sponji vilitua juu ya kiatu cha Madam Priscillah, naye hakuviona.

Mzee Kipngeno alichuchumaa, akapitisha kidole juu ya meno ya bati.

"Huyu ni wa kwetu kabisa," akasema. "Nani alifundisha wewe hii kazi? Imetengenezwa vizuri." Akaokota mpira mmoja, akaugeuza. Ulikuwa na jeraha refu ubavuni. "Lakini mwalimu, hii mashine kule kwetu kazi yake ni kurarua. Jani ikitoka nzima, tunaita fundi."

"Ni mfano tu, mzee," Mwalimu Zacheus akasema, akicheka. "Mfano wa utamaduni."

"Aaa. Sawa." Mzee aliinuka, magoti yakilia. Macho yake yakatembea juu ya meza hadi yakafika kwenye ile paipu yenye mikanda mifupi, myeusi. "Na hii ingine ni nini? Iko kama ulimi."

Nyambeki alinitazama mimi.

"Hiyo ilijaribiwa pia, mzee, ikashindwa," akasema Mwalimu Zacheus. "Results ziko hapa kwa daftari. Tuliweka kila kitu wazi."

Akamfungulia. Mzee Kipngeno akavaa miwani, akasoma. "Mwandiko mzuri," akasema.

"Ni wa nani hii mashine?" Madam Priscillah akauliza. "Chelimo? Njoo mbele, usiogope. Mwelezee mgeni. Kushindwa pia ni elimu."

Chelimo akatoka ukutani. Alikuwa amefunga tai vizuri sana. Alishika mikono nyuma, akamtazama mzee kifuani, si usoni, kama tunavyofunzwa.

"Hii inaitwa Ulimi," akasema. "Ni yangu. Ijumaa nilisema imezoa arobaini na saba. Haikuwa kweli. Nilihesabu vibaya. Nilifanya klabu yote iamini kitu haikuwa, na nikamsumbua mwalimu akaja kurudia siku ya Saturday." Akawageukia wenzake. "Naomba msamaha kwa mwalimu, na kwa klabu, na kwa Madam Mwihaki, kwa sababu alikuwa ananisaidia na mimi nikamwangusha."

"Umeona?" Madam Priscillah akamwambia mgeni, macho yakimng'aa. "Hii ndiyo tabia tunajenga hapa. Msichana anayekubali kosa lake mbele ya watu. Mpigieni makofi!"

Wakapiga. Wakampigia makofi kwa kuomba msamaha wa kosa ambalo hakulifanya, na Mwalimu Zacheus akapiga pia, kwa nguvu, akitikisa kichwa kama baba anayejivunia mwanawe. Chelimo akainamisha kichwa. Nilimtazama mwalimu nikimsubiri aache. Nilidhani kuna mahali mtu hufika akaona aibu. Aliendelea kupiga hadi wengine wote walipomaliza, kisha akapiga mara mbili tena, peke yake.

"Hukuhesabu vibaya."

Nilisikia sauti hiyo na sikuijua. Watu waligeuka kuniangalia, wote, jambo ambalo nimelikwepa tangu utotoni, na masikio yangu yakawa yanavuma kama mtambo.

"Madam Mwihaki," Mwalimu Zacheus akasema kwa upole. "Maitu."

"Chelimo, niangalie mimi. Hukuhesabu vibaya. Nilikuwa nahesabu na wewe kimyakimya, na nilifika arobaini na saba kama wewe, mara mbili. Jumamosi hakuna kilichorudiwa, mipira ilikuwa nyumbani kwangu. Mwalimu aligeuza namba, akaniambia niziandike kwenye hilo daftari, na mimi niliziandika nikijua ni uongo, kwa sababu niliogopa. Mashine yako ndiyo iliyoshinda. Anayepaswa kukuomba msamaha mbele ya hawa watu ni yeye, na ni mimi, na mimi naanza: nisamehe."